Kabla hujanunua vialama vya shanga, tazama pete inapofungwa

Sweta lilikuwa la mtoto wa mdogo wangu, uzi wa sufu rangi ya maziwa, sindano za milimita 4. Nilikuwa nalifuma kuanzia shingoni kushuka, kwa hiyo nilihitaji vialama, yaani vile vipete vya kuvisha kwenye sindano ili kuonyesha mahali: vinne vya mistari ya mabega na kimoja cha kunionyesha mzunguko unapoanzia. Nikanunua pakiti ya vialama kumi vya shanga kwa shilingi 15,000. Vilipendeza kweli. Nilipofika kwapani nikaigeuza kazi kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kando ya kila mstari wa bega uzi umechomoka vijitanzi vidogo vidogo, na mahali pawili umelika karibu kukatika. Jioni za wiki mbili zile.

Nilitoa kialama kimoja nikakipitisha taratibu kwenye kidole. Pete yake ilikuwa kipande cha waya kilichokunjwa duara, ncha mbili zimekaribiana bila kugusana. Ule mwanya ulikuwa mwembamba kiasi kwamba macho hayauoni, lakini uzi wa sufu unauona. Kialama kinahamishwa kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia kila mzunguko. Ukifuma mizunguko 40, umeusogeza ule mwanya kando ya uzi wako mara 40. Siku moja utanasa tu.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia rangi wala urembo. Macho unayo, chagua upendacho. Mimi nataka uangalie kiungo: pete inafungwaje, na ncha ya waya imeishia wapi. Chukua soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa, ivute juu ya ngumi, kisha buruta kialama juu yake pande zote. Kikinasa kwenye nailoni, kitanasa kwenye sweta. Siku hizi natembea na kipande cha soksi kwenye pochi, na nimeshawahi kufanya jaribio hilo dukani Kariakoo mbele ya muuzaji, akanitazama vibaya, nami nikarudisha pakiti tatu.

Namba moja kwangu ni kitanzi cha waya laini wa shanga, na sitaficha kwamba napendelea Soft Flex, ule wa unene wa kati. Ni waya wa kampuni ya California: nyuzi 49 za chuma cha pua zilizosokotwa pamoja na kuvishwa nailoni, unene wa milimita 0.48 hivi. Ukiukunja unarudi wenyewe, na kwa kuwa umevishwa nailoni, kinachogusa uzi wako ni kitu laini tupu, duara zima. Waya wa nyuzi 7 unauzwa sana kwa sababu ni nafuu, lakini ukipinda mara moja haunyooki tena, na kitanzi kinabaki na kona. Wa nyuzi 19 unavumilika.

Hapa ndipo wengi wanaojitengenezea wanapokosea. Waya hufungwa kwa krimpi, yaani kile kijibomba cha chuma kinachobanwa kwa koleo. Wanaibana krimpi juu kabisa, chini kidogo tu ya kitanzi, halafu shanga inaning'inia chini yake. Krimpi iliyobanwa ina kingo kali, na pale juu ndipo uzi unapopita! Geuza mpangilio. Kata waya sentimita 12, ukunje katikati, pitisha ncha zote mbili ndani ya shanga, kisha ndani ya krimpi ya milimita 2. Weka kalamu ya Bic ndani ya kitanzi ili upate upana mmoja kwa vyote, vuta ncha mpaka shanga ikae sawa, ndipo ubane krimpi kule chini, mkiani. Kata ncha karibu kabisa, ziba kila kitu kwa kifuniko cha krimpi cha milimita 3. Shanga inakuwa ukuta kati ya chuma na uzi.

Kwa mpangilio huo tundu la shanga lazima lipitishe waya mara mbili. Shanga za 11/0, zile za milimita 2 hivi, hazipitishi. Usidanganyike na namba, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo shanga inavyokuwa ndogo. Nunua 6/0, za milimita 4 hivi. Mimi natumia za Preciosa kutoka Ucheki, ambazo akina mama wa Kimaasai wanazifahamu zamani kuliko sisi wafumaji. Ukimkuta mama anayeshona mikufu, muulize yeye kuhusu shanga kabla ya kumuuliza mwenye duka. Yeye atakwambia ipi inachuja rangi. Kama hana nafasi, sugua shanga kwa kitambaa cheupe chenye maji, maana shanga ya kupakwa rangi ikikaa kwenye uzi wa maziwa utalia.

Namba mbili ni pete iliyochomelewa, isiyo na mwanya kabisa. Ni imara, inateleza vizuri kwenye sindano ya chuma, na haichoki. Kwa sindano ya milimita 4 tafuta yenye nafasi ya ndani ya milimita 6; ikizidi sana inaacha vitanzi vilegevu mstari mzima, kama ngazi. Hatari yake iko chini, pale shanga inaponing'inizwa kwa waya uliozungushwa: ncha ya mwisho ya ule mzunguko huachwa imechungulia. Ibane kwa koleo, piga tupa, rudi kwenye soksi.

Kwa kroshia yote hayo niliyosema hayafai, maana pete iliyozibwa ukiifumia inabaki ndani ya kazi mpaka uikate. Unahitaji kinachofunguka. Chaguo langu ni kiloki cha mkufu, kile chenye kijilimi unachokirudisha kwa ukucha, cha milimita 12. Jaribu kijilimi mara ishirini dukani. Kisiporudi mpaka mwisho, kiache. Ndoano za hereni zinazojifunga nyuma nazo ni nzuri na nyepesi zaidi, ila kwa uzi mwembamba tu.

Vya plastiki vya bei ya chini vinafanya kazi kwa mwanafunzi. Pete za mwanya kama zangu zile, hata ukipewa bure, usizitundike kwenye sufu.

Sasa niseme la wauzaji. Nimechoka na “bei njoo inboksi”. Kitu ni waya wa shanga, si kiwanja, andikeni bei. Nimechoka pia na waya uliotolewa kwenye kibiringo chake, ukakatwa mita mbili mbili na kutiwa kwenye mfuko usio na jina, halafu unaambiwa “huu ni ule mzuri dada, wa nyuzi arobaini na tisa”. Nilinunua mmoja hivyo, nikauchuna nailoni kwa wembe nyumbani nikahesabu: saba. Bei niliyolipa ilikuwa ya arobaini na tisa. Na pakiti za shanga za 6/0 zenye theluthi moja ya 8/0 ndani yake, zilizochotwa kwa kijiko, tunazilipia uzito huku tukizichambua wenyewe usiku. Mteja anayefuma kwa mkono anajua kuhesabu. Hiyo ndiyo kazi yake kutwa.

Ukitaka kuagiza Soft Flex, agizeni watu watatu au wanne kibiringo kimoja mgawane, nauli isiwaumize. Sisi tulifanya hivyo. Fungu langu limebaki mita mbili, linatosha vialama kumi na sita. Vitano vya kwanza viko kwenye sweta lile. Nililifumua mpaka shingoni, nikatupa uzi uliolika, na sasa niko tena karibu na kwapa.