Ganesha wa shishamu: kazi safi, maelekezo mabovu

Sanamu hii nimeinunua kwa ajili ya madhabahu ya nyumbani, na kwa upande wa uchongaji sina la kulalamikia. Ni Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, aliyeketi, mwenye mikono minne, kazi ya Saharanpur, mji wa jimbo la Uttar Pradesh, India, unaosifika kwa mafundi wake wa nakshi za mbao. Mbao yenyewe ni shishamu, ndugu wa mpingo: ya hudhurungi iliyokolea, ina mistari myeusi, na ukiishika ni nzito.

Mtazame kwa karibu. Mkonga umepinda kushoto kufuata bakuli la laddu, vile vitamu vya mviringo, na kati ya mkonga na tumbo fundi ametoboa mpaka mwanga unapita. Pembe moja imekatika, kama inavyopasa, kwani Ganesha ni mungu wa pembe moja. Panya aliye miguuni ameinua pua, na masharubu yake yamechorwa kwa ncha ya patasi, mstari kwa mstari. Nyuma, alama za patasi hazikufutwa, na nyuzi za mbao zinashuka kutoka kwenye taji hadi kitakoni bila kukatika. Maana yake ni gogo moja, hakuna mkono uliobandikwa. Popote utakaponunua, omba picha ya mgongo. Zipo sanamu nyingi zinazouzwa kama za kuchonga, kumbe ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi na kumiminwa kwenye kalibu. Mgongo wa hizo ni laini mtupu, hauna hata uzi mmoja.

Kasoro ni vanishi. Muuzaji ameipaka nzito mno, ikajikusanya kwenye pembe za macho na kumfanya Ganesha aonekane ana machozi. Mbao nzuri kama hii ilihitaji nta ya nyuki tu, safu nyembamba, kisha kusuguliwa kwa kitambaa cha pamba.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja nayo ndiyo imenikera zaidi. Inasema sanamu ioshwe kwa maji na maziwa siku za puja, yaani ibada, halafu ipakwe mafuta ya nazi. Usifanye hivyo! Mbao hunywa maji, huvimba, na ikikauka hupasuka. Mafuta ya nazi nayo hunasa vumbi na moshi wa udi, mwishowe ni utando mweusi unaonata.

Najua kuna atakayesema mbona Jagannath, mungu wa hekalu maarufu la Puri huko India, ni wa mbao na huogeshwa. Kweli, kwenye Snana Yatra, sikukuu ya kumwogesha, humwagiwa maji ya vyungu 108. Lakini baada ya hapo hufichwa kwa takriban wiki mbili apakwe rangi upya, na ipo desturi ya kumchongea mwili mpya wa mwarobaini kila baada ya miaka kadhaa, kama ilivyofanyika mwaka 2015. Nyumbani hatuna makuhani wa kazi hiyo. Abhisheka, yaani kumwogesha kwa ibada, mfanyie Ganesha mdogo wa shaba, huyu wa mbao mpe maua na taa.

Hata hizo zina mahali pake. Taa ya samli naiweka mbele na pembeni kidogo, kamwe si chini ya mkonga, kwa sababu masizi yakiingia kwenye nakshi hayatoki kirahisi. Kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, na manjano naweka kwenye kisahani cha shaba miguuni pake, kwani manjano yakigusa mbao isiyo na kinga hayafutiki. Shada la maua nalikung'uta maji kwanza, na nalitoa kabla halijanyauka. Vumbi natoa kwa brashi laini kavu, kuanzia taji kwenda chini. Jua la dirishani lisimfikie, litapausha rangi. Ukiona unga mwembamba chini ya sanamu na vitundu vya mviringo, ni dumuzi: ifunge haraka kwenye mfuko usiopitisha hewa, mbali na mbao nyingine, kisha utafute mtaalamu.

Jambo moja kwa wanaoagiza nje ya India: jamii yote ya miti ya Dalbergia, shishamu ikiwemo, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo muulize muuzaji kuhusu vibali kabla hujalipa.

Kwa mkono wa fundi natoa nyota tano, kwa muuzaji tatu. Nimeshamwandikia kumuuliza kama anaweza kuniletea Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, wa mbao hiyohiyo, bila vanishi.