Uzoefu wangu: mihadhara ya Royall House, Medford

Kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria mihadhara ya wazi katika Royall House and Slave Quarters, nyumba ya makumbusho iliyoko Medford, Massachusetts, maili chache tu kutoka Boston. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi huku, kwa sababu wengi wetu tunapita jirani na nyumba hiyo bila kujua kwamba ndani yake wanazungumziwa watu wa bara letu, tena kwa majina yao.

Isaac Royall alitajirikia kisiwani Antigua kwa sukari, ramu na biashara ya watu, kisha mwaka 1737 akahamia Medford na familia yake pamoja na Waafrika 27 aliowahesabu kuwa mali. Jumba lake la ghorofa tatu linapendeza, nakiri, na mwenye kupenda useremala wa kale atafurahi. Lakini hatua chache kutoka hapo limesimama jengo walimoishi watumwa, na jengo la namna hiyo lililojitenga na nyumba ya bwana halijulikani kusalia mahali pengine popote kaskazini mwa Marekani. Mihadhara niliyoisikia ilitolewa humo. Mimi nimezaliwa Bagamoyo, na nimekua nikisikia habari za misafara tangu utotoni; hata hivyo, kukaa kwenye kiti ndani ya kuta zile na kumsikiliza mtu akisoma orodha ya mali ambamo watu wametajwa pamoja na vitanda na ng'ombe kulinilemea kuliko nilivyotazamia.

Mhadhara ulionigusa zaidi ulimhusu Belinda Sutton. Alitekwa angali mtoto kando ya mto Volta, katika nchi ambayo leo ni Ghana, akatumikishwa na ukoo wa Royall kwa takribani miaka 50. Isaac Royall wa pili, mtoto wa yule wa kwanza, alikimbia mwaka 1775 vita vya uhuru wa Marekani vilipokaribia, na mali yake ikashikwa na serikali ya jimbo. Mwaka 1783 Belinda, mzee aliyetia alama ya msalaba mahali pa sahihi, alipeleka ombi kwenye bunge la Massachusetts akieleza kwamba sehemu ya utajiri ule ilitokana na jasho lake, naye hajaonja hata tonge lake. Bunge lilimkubalia paundi 15 na shilingi 12 kwa mwaka, zimfae yeye na binti yake mgonjwa. Mtoa mada hakuishia hapo, na hilo ndilo ninalolithamini katika mihadhara hii: alituonyesha kwamba malipo yalikatika mapema, na kwamba Belinda alirudi kudai tena na tena hadi miaka ya 1790. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 15, aliuliza fedha nyingine za Royall zilikwenda wapi. Akajibiwa kwamba wosia wa huyo Isaac wa pili ndio uliowezesha kuanzishwa kwa nafasi ya kwanza ya uprofesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kwamba miganda mitatu ya ngano ya nembo ya ukoo ule ilibaki kwenye ngao ya shule hiyo ya sheria hadi 2016.

Siku nyingine mada ilikuwa akiolojia. Uchimbaji uliofanywa uani umeibua maelfu ya vipande, na vingine ni vigae vilivyochongwa kwa mkono vikawa kete za mchezo. Nilifikiria bao letu papo hapo, ingawa sidai kwamba ndio mchezo waliocheza.

Kwa atakayekwenda: jumba halifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo tazama ratiba kwanza. Anza na ziara ya jumba, ndipo usikilize mhadhara, kwa kuwa mzungumzaji akitaja chumba fulani utakuwa umekwisha kukiona. Kiingereza kinachotumika ni chepesi, isipokuwa nyaraka zenyewe, ambazo lugha yake ni ya kale. Mama yangu anatarajia kututembelea kutoka Bagamoyo, naye hajui Kiingereza. Nimeanza kumtafsiria ombi la Belinda kwa mkono, aya baada ya aya, ili siku nitakapompeleka awe amekwisha kulisoma.