Sehemu za gia za baiskeli ya mlimani: ipi ununue kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi, ng'oa gurudumu la nyuma na uzungushe spoketi (vile visahani vya meno vinavyoshika cheni) kinyumenyume. Katikati yake kuna tundu lenye meno ambamo kifaa cha fundi huingia. Tundu hilo likizunguka pamoja na spoketi, una kaseti, yaani fungu la spoketi linalovalishwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Likitulia, una friwili, ile inayokazwa kwenye habu kama kifuniko cha chupa. Mengine yote yanategemea jibu hilo.

Chaguo langu la kwanza ni kaseti ya spidi 8, yaani yenye spoketi nane, hata kama itakubidi ununue gurudumu jingine la nyuma. Mimi hupanda Menengai kutoka mjini Nakuru, na huko nimejifunza kuithamini ekseli, ule mhimili unaopita katikati ya habu. Kwenye habu ya friwili, beringi ya upande wa cheni imekaa ndani, mbali na fremu, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikiliwa. Ukipakia gunia la viazi kisha uingie kwenye mashimo, ekseli hupinda, na siku nyingine hukatika kabisa. Habu ya kaseti huiweka beringi hiyo karibu na fremu. Ukienda kutafuta gurudumu, pima kwanza nafasi kati ya masikio ya nyuma ya fremu, pale ekseli inapokaa. Baiskeli nyingi za mlimani za spidi 8 zina 135 mm.

Habari njema ni kwamba dereila yako ya zamani, kile kifaa kinachohamisha cheni kati ya spoketi, huenda ikakufaa. Dereila za kampuni ya Shimano za spidi 6 hadi 9 huitikia mvuto wa waya kwa kiasi kilekile. Shifta, yaani kibadilisha gia cha kwenye usukani kinachovuta waya huo, ndiyo lazima ilingane na idadi ya spoketi. Kutoka spoketi moja hadi nyingine ni 5.0 mm kwa spidi 7, 4.8 mm kwa spidi 8 na 4.35 mm kwa spidi 9. Ukitumia shifta ya 7 kwenye kaseti ya 8, kila hatua inazidi kwa 0.2 mm, na kufikia spoketi ya saba kosa limekuwa 1.2 mm. Utaisikia cheni ikikwaruza. Cheni yenyewe haina shida: ile ya spidi 6, 7 na 8 ni moja.

La pili ni friwili ya spidi 7. Kama hubebi mizigo na gurudumu lako bado ni zima, nunua hii na uhifadhi pesa zako. Ipo ya meno 14 kwenye spoketi ndogo hadi 34 kwenye kubwa, inayosaidia sana mlimani, ila hakikisha dereila yako inafika 34.

Spidi 9 naiweka ya tatu. Ni nzuri, lakini inataka cheni yake nyembamba.

Ya mwisho ni dereila ya mlimani ya spidi 10 kwenye shifta ya zamani. Niliwahi kununua moja ya mitumba Kisumu, safi kabisa, nikaifunga na shifta yangu ya 8. Jioni nzima nilikaza na kulegeza waya, na kila nikibonyeza, cheni ilikwama katikati ya spoketi mbili. Shimano walibadilisha mvuto kwenye spidi 10 za mlimani. Waya uleule huisogeza dereila hiyo kidogo tu. Shifta za SRAM, kampuni nyingine, za familia ya X nazo zina mvuto wake, basi usizichanganye na dereila za Shimano.

Ukinunua spoketi mpya, funga na cheni mpya. Ukitaka cheni peke yake, pima ya zamani kwa rula: weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Inapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, badilisha cheni sasa. Ikizidi kwa 1/8, spoketi zimekwisha pamoja nayo, na cheni mpya itaruka juu ya meno yake pale utakaposimama kwenye pedeli.