Laini ya simu ya kliniki yetu ya sukari, nimeitumia tangu 2022

Niko na sukari miaka tisa sasa, nadunga insulini ya Mixtard asubuhi na jioni, naishi Umoja, Nairobi, na binti yangu wa miaka 13, na nimeona niandike hii juu watu kwa foleni ya kliniki wananiuliza kila mara kama hiyo namba inasaidia kweli ama imebandikwa tu ukutani. Inasaidia. Nawapa nyota nne kwa tano, na hiyo moja nimewanyima nitasema ni ya nini.

Ukishasajiliwa unapewa namba mbili, ya kupiga na ya meseji, na anayeshika ni sista wa sukari mwenyewe. Anauliza namba ya faili, anaifungua, anajua unadunga yuniti ngapi na presha yako iko aje. Kabla ya hii nilikuwa na laini ya bima ya kazini, na siku moja nilitapika usiku kucha sukari ikiwa 19, juu sana, nikapiga, bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki dakika kumi na moja, alafu kijana mpole sana akataka namba ya uanachama na akaniambia niende hospitali iliyo karibu. Hakuniuliza kama nimedunga. Na sikuwa nimedunga, juu nilidhani kama hujakula hudungi! Sista wa hii laini ndiye alikuja kunieleza kwamba ukiwa mgonjwa sukari inaweza kupanda hata tumbo likiwa tupu, kwa hivyo insulini haiachwi hivi hivi, unapima kila baada ya masaa matatu manne, unakunywa maji, dozi unapiga simu uambiwe, na ukiona kutapika hakuishi ama unapumua kwa nguvu ama mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hapo simu imefika mwisho, enda kasualti.

Lakini sababu hasa ya kuandika ni usiku mmoja mwezi wa tatu. Nilidunga jioni kama kawaida, nikala kidogo juu nilikuwa nimechoka, nikalala. Saa tisa usiku binti yangu akanisikia naongea maneno hayaeleweki, akaja akapata shuka imelowa jasho na mimi namwangalia tu kama simjui. Akapiga. Mimi sikumbuki, yeye ndiye alinihadithia, na sista alipiga siku iliyofuata akanieleza yote tena polepole. Swali la kwanza lilikuwa, "Mum yuko macho? Ukimwambia ameze mate anameza?" Akasema ndio. "Sawa msichana wangu, chukua maji nusu glasi, weka sukari vijiko vitatu vimejaa, koroga, mpe kidogo kidogo. Chai ya moto hapana, maziwa hapana." Krediti ikaisha hapo katikati, sista akapiga yeye. Akamngoja apate mashine ya kupima sukari, akamwelekeza hadi tone la damu likaingia kwa stripu, ikasoma 2.6, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakangoja dakika kumi na tano, 3.4, akanipa glasi nyingine, dakika kumi na tano tena, 5.1, ndio akaambiwa sasa mpe mkate. Muda wote huo hakuachwa pekee yake. Aliambiwa pia, mama akilala asiamke ama asiweze kumeza, usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze kwa ubavu uite ambulensi. Mtoto wa shule! Nikiandika hapa mkono bado unatetemeka.

Kitu nimependa zaidi ni vile hawakuishia hapo. Sista aliniuliza, "Kama ambulensi ingehitajika, binti yako angewaambia mko wapi?" Nikanyamaza. Nyinyi mnajua plot zetu, hakuna namba ya nyumba, barabara haina jina, mtu wa boda tu anakupigia mara tatu kabla akupate. Basi tukaandika naye kwa simu, neno kwa neno, karatasi iko kwa mlango wa friji mpaka leo: kutoka steji shuka na barabara ya kanisa, pita kinyozi, geti ya kijani, orofa ya tatu, mlango wa kushoto. Chini yake jina langu, dawa zangu na dozi, namba ya keteka afungue geti usiku, 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Binti ameisoma kwa sauti mara nyingi hadi ameishika. Kama uko na sukari na unaishi Nairobi na hiyo karatasi hauna, tafadhali iandike leo kabla ulale.

Kingine, ile Ijumaa usiku ya 25 Agosti 2023 stima zilipotea nchi nzima, nilikuwa na chupa mbili mpya kwa friji na nikaingiwa na wasiwasi mbaya. Nilituma meseji, nikajibiwa upesi: friji usiifungue fungue, chupa ambayo umeanza kutumia inakaa hata nje kama wiki nne bora iwe mahali penye baridi mbali na jua, na usije ukaweka insulini kwa friza ama juu ya barafu, ikiganda tupa. Nyanyangu alikuwa anaweka yake kwa mtungi na mchanga wenye maji, nikamwambia sista, akasema nyanya alikuwa sawa kabisa.

Tangu hapo niko na kibegi kando ya mlango, mashine ya pili ile ya zamani, stripu, sindano, kopo la glukosi, biskuti, maji, kopi ya kadi ya kliniki na pawabanki juu simu bila chaji ni kama huna simu, na insulini yenyewe naichukua kwa friji wa mwisho nikitoka. Mafuriko ya 2024 watu wa Mathare walitoka na nguo walizovaa tu, nikafikiria sana wale wa kudunga walifanya aje.

Sasa nyota niliyowanyima. Jumapili kuanzia saa mbili usiku hakuna anayeshika mpaka Jumatatu asubuhi, inalia tu inakata, na hata meseji haijibiwi. Hata sauti ya kurekodi ya kukwambia upige wapi hakuna. Sukari haijui Jumapili. Sista ni wawili tu, naelewa wanachoka, sitaki wafanyiwe ubaya, nataka waongezewe mtu wa tatu. Nimeandika kwa sanduku la maoni mara mbili, na Jumanne nikienda kuchukua dawa naandika ya tatu.