Dune du Pilat: ngazi au mchanga mtupu?

Ukifika Dune du Pilat, kilima cha mchanga kusini-magharibi mwa Ufaransa, swali ni lile lile: upande kwa ngazi au mchangani? Kilima chenyewe kina kimo cha mita 100 hivi. Ngazi hukufikisha juu upesi, viatu vikiwa safi, ila majira ya baridi huondolewa, na wakati wa likizo watu hujipanga. Mchangani hakuna kusubiri, lakini ukipiga hatua mbili unateleza moja, misuli ya miguu inawaka moto, na mchana wa Julai nyayo zinaungua. Kushuka, hapo mchanga hauna mpinzani! Mwenye mtoto mgongoni au magoti mabovu ashike ngazi. Mwenye pumzi aje asubuhi na mapema, avue viatu, mchanga ungali baridi.