TAHADHARI kwa wanaotafuta baiskeli ya umeme Tanga: hela isitoke kabla betri haijafunguliwa

Jamani habari za saa hizi. Nilikua nimeamua nikae na uchungu wangu kimya kimya ila jana usiku kanipigia dada mmoja wa Muheza, na yeye ameshaanza kuingizwa mkenge na mtu yuleyule kwa baiskeli ileile, nikaona hapana, hii lazima watu waijue.

Mi ni fundi cherehani, kazini ni Ngamiani na nyumbani ni Pongwe, zaidi ya kilomita 10 kwenda na zaidi ya 10 kurudi, na msimu wa sare za shule natoka usiku daladala hakuna nabaki na bodaboda. Nimedunduliza toka mwaka jana mpaka zikafika 650,000 nikasema nitafute baiskeli ya umeme iliyotumika. Tanga hii mnaijua, baiskeli kila nyumba na barabara zetu ni tambarare, yani ni mji wa baiskeli kabisa.

Nikaona tangazo, baiskeli nyeusi, mota kwenye ringi la nyuma, betri kubwa imeandikwa 48V 20Ah (V ni volti, Ah ni kiasi cha umeme inachobeba), bei 620,000 maongezi yapo. Kijana mstaarabu sana wa kuongea, shikamoo kaka kila saa, tukakutana Chumbageni. Akanipa niijaribu nikazunguka kama dakika 5 hivi, inavuta vizuri, taa za betri zote 4 zinawaka, nikainyanyua betri nzito kwelikweli. Nikamuomba niende nayo mpaka Pongwe na yeye apande nyuma au anifuate na boda, akasema ana mteja mwingine anatoka Korogwe muda huohuo. Hapo ndo nilitakiwa niondoke. Na wakati wa kulipa jina lililotokea kwenye simu sio alilonitajia, nikamuuliza akasema namba ya shemeji yake. Nikatuma 600,000.

Jioni nafungasha narudi, nimepita Kange kidogo tu ikazima. Nikasubiri ikawaka, nikienda hatua chache inazima tena. Nimeisukuma usiku ule mpaka nyumbani, na baiskeli ya umeme ikizima ni mzigo haswa, sio kama hizi zetu za kawaida. Nampigia jamaa, hapatikani. Mpaka leo.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi wa betri za sola. Kwanza kaichaji, kaweka mita inasoma volti 54, iko sawa, maana betri nyingi za lithiamu za 48 zikijaa zinafika 54.6. Halafu akanyanyua tairi la nyuma, mi nikavuta mkono wa kuongeza mwendo huku yeye anabana breki, mita ikaporomoka mpaka 41 ikakata. Akaniambia kaka volti zinakwambia imejaa, hazikwambii imejaa kiasi gani, kikombe kikijaa kimejaa na ndoo ikijaa imejaa. Akafungua skrubu. Ndani kuna seli 26 za laptop, rangi tatu tofauti, pinki na kijani na bluu, nyingine zina kutu kwenye kichwa, na nafasi yote iliyobaki kuna mfuko wa mchanga umeviringishwa selotepu ya kaki ili betri iwe nzito. Mchanga jamani. Nilikaa chini.

Fundi kanifafanulia na mimi nawapa kama alivyonipa. 48 zidisha 20 unapata 960, hizo ndo wati saa, yani umeme wote wa kwenye betri, ambazo stika inadai. Ukienda kwa mota tupu bila kukanyaga pedeli inakula kama 12 mpaka 15 kwa kilomita, kwahiyo ingekua ya kweli ningeenda zaidi ya kilomita 60. Kwa seli za aina ile betri ya 20Ah inataka seli kama 80 mpaka 120, sio 26, tena chakavu. Na kibaya zaidi seli zilizochoka ukizichanganya hivyo zinaweza kushika moto wakati wa chaji. Mimi nilipanga niwe naichaji usiku chumbani wanangu wanakolala. Nikifikiria hilo hata hela naiona ndogo.

Kwahiyo mwenye bajeti kama yangu, tafadhali, hela yako unanunua betri, fremu na mota ni vya kufuatia. Mwambie muuzaji tukutane kwa fundi, fundi afungue betri mbele yenu, ni skrubu chache tu, anayekataa mwache na baiskeli yake. Kama haiwezekani basi iendeshe umbali wako wote wa kila siku kabla hujalipa, sio kuzunguka mtaa. Angalia na chaja, chaja za betri nyingi za lithiamu za 48 zimeandikwa 54.6 kwa nyuma, za 36 zimeandikwa 42, ukikuta namba nyingine uliza maswali. Zile za kutoka Ulaya zenye mota katikati kwenye pedeli ni nzuri ila betri yake ikifa usitegemee kuunga yoyote, nyingi zinataka betri ya kampuni ileile na bei yake inaweza kupita baiskeli.

Mi sasa hivi nimeshauriwa nitengeneze betri ndogo ya 48V 7.5Ah, hiyo ni wati saa 360, nikisaidia na pedeli kidogo Pongwe naenda na kurudi. Ndogo ya kweli inanifikisha. Hata hizi zenye betri 4 za asidi kama za pikipiki, ni nzito ila angalau unaziona kwa macho.

RB (namba ya taarifa) nimechukua polisi, na meseji za huyu mtu nimezituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Sasa nirudi kwa yule dada wa Muheza. Kaambiwa atume 50,000 ya kushikia baiskeli mpaka jumamosi, na ametuma, sasa anaombwa 100,000 nyingine ya "usafiri". Kanirushia picha aliyotumiwa: baiskeli nyeusi, geti la kijani nyuma, siti imechanika imezungushiwa selotepu ya kahawia. Baiskeli hiyo naiangalia hapa ninapoandika, imeegemea ukuta sebuleni kwangu, haina betri. Ukitumiwa picha hiyo na yoyote yule kwa namba yoyote ile usitume hata mia, na kama ulishatuma njoo inbox nikupe namba ya RB tuunganishe malalamiko.