Kupandikizwa mfupa wa sainasi Mombasa: niliuliza kilichowekwa ni cha mnyama gani, nikajibiwa "hapa si buchani"

"Hapa si buchani, mama." Ndivyo alivyonijibu daktari wa meno, pale mapokezi, wagonjwa wengine wakisikiliza, nilipomwonyesha risiti na kumuuliza kile kipande cha kolajeni (kitambaa chembamba cha protini ya mnyama) nilichotozwa kimetokana na mnyama gani. Kliniki siitaji jina. Iko hapa Mombasa, ina mashine mpya na kiyoyozi kizuri, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Swali lenyewe nilikuwa nimeshaliuliza mapema, siku ya kupigwa picha ya taya. Nikaambiwa punje za mfupa zitakazopandikizwa ni za ng'ombe, sawa. Nikauliza tena: kuna kitu kingine chochote cha mnyama kitakachoingia? Nikaambiwa hakuna. Kisha risiti ikatoka na mistari miwili: mfupa, na kolajeni. Nimekaa chumba cha upasuaji miaka mingi nikipanga vyombo, najua kipande kile hufanya kazi gani na mara nyingi hutengenezwa kwa nini. Kolajeni inayotumika sana kwenye meno hutoka kwa nguruwe. Ipo ya ng'ombe pia, na ipo ya farasi. Kwa hiyo mtu anayeuliza katika mji huu, wenye Waislamu na Wahindu waliojaa, hakuulizia bei ya nyama.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: magego ya juu yakishang'olewa, mfupa hulika kutoka chini kwa kukosa kazi, na kile chumba cha hewa kilicho pembeni mwa pua, sainasi, hutanuka kikishuka kutoka juu. Kinachobaki katikati huenda kikawa milimita 3 au 4, na kipandikizi cha kawaida, ile skrubu ya kushikilia jino bandia, kinataka 8 mpaka 10. Ukibakiwa na kama 6 hivi, daktari anaweza kuinua sakafu ya sainasi kupitia tundu lile lile la kipandikizi. Chini ya hapo hukata kidirisha ubavuni mwa taya, akaubandua utando wa ndani taratibu, akausukuma juu, akajaza punje za mfupa chini yake. Utando huo kwa kawaida haufiki hata milimita 1 kwa unene. Kuutoboa ndiyo ajali inayotokea zaidi katika upasuaji huu, hasa penye kuta ndogo za mfupa ndani ya sainasi, ndiyo maana picha ya pande tatu ni lazima na ile ya kawaida haitoshi.

Na hapo, daktari wangu haki yake nimpe. Mikono yake ni mizuri mno. Dirisha alilikata kwa kifaa cha mitetemo, kinachokata mfupa na kuuacha utando salama. Alipomaliza kuinua alinyamaza, akaniambia nipumue kwa pua, akatazama kama utando unapanda na kushuka pamoja na pumzi; ukicheza hivyo, ni dalili nzuri kwamba haujachanika. Punje hakuzishindilia. Wengi hushindilia wakidhani wanaongeza mfupa, kumbe wanaziba njia za mishipa midogo ya damu inayotakiwa kuingia kati ya punje, na wakizidisha wanaupasua utando wenyewe. Huyu alizilaza polepole, za mbele kwanza, kwenye ukuta wa ndani, kisha akarudi nje. Ningekuwa nahukumu upasuaji peke yake, ningesema nendeni kwake hata leo.

Lakini mgonjwa haleti taya peke yake. Ile kolajeni ilikuwa ya kufunika dirisha, fizi isije ikaota ndani kabla ya mfupa, na ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu mbadala ulikuwepo. Tena si mmoja. Kuna kolajeni ya ng'ombe. Kuna damu ya mgonjwa mwenyewe: inatolewa kwenye mirija ya mililita 10 isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, inazungushwa papo hapo kama dakika 10 hadi 12, inatoka tonge la manjano la faibrini, protini inayogandisha damu, ukilikandamiza unapata kipande chembamba cha kufunikia. Kina udhaifu wake, huyeyuka baada ya wiki moja au mbili wakati kolajeni hudumu zaidi, na damu ikicheleweshwa dakika chache kabla ya kuzungushwa tonge halitoki sawasawa. Ila kwa dirisha dogo, wengi hukitumia. Mashine ya kuzungusha damu niliiona kwa macho yangu juu ya kabati lao!

Wapo masheikh wanaoruhusu dawa ya namna hii kwa hoja ya dharura, au kwamba kitu kimeshageuka asili yake, na wapo wanaokataa maadamu mbadala upo. Uamuzi huo ni wa mgonjwa na sheikh wake. Daktari kazi yake ni kusema ukweli kabla ya ganzi. Na kwa Mhindu mambo ni kinyume, kwake shida ni zile punje za ng'ombe. Punje hizo hupashwa joto kali na kusafishwa ili protini itoke, yabaki madini matupu. Kuna atakayeridhika na maelezo hayo na kuna atakayekataa kabisa, huyo apewe punje za kutengenezwa kiwandani, za kalisi na fosfeti. Baadhi ya aina hizo huyeyuka upesi kuliko za ng'ombe na ujazo ukapungua, hilo nalo aambiwe. Anayetaka mfupa wake mwenyewe unaweza kuchukuliwa nyuma ya taya, kwa gharama ya kidonda cha pili. Fomu waliyonisainisha yote haya iliyaita "vifaa vya kupandikizia". Basi.

Nikaomba lebo. Visanduku vya mfupa na kolajeni kwa kawaida huja na vijikaratasi vya gundi vyenye jina la bidhaa na namba ya toleo, kimoja kibandikwe kwenye faili, kingine apewe mgonjwa. Toleo likigundulika lina kasoro, au uvimbe ukitokea mgonjwa akiwa mji mwingine, namba ile ndiyo njia ya kujua ndani kuna nini. Binti wa mapokezi, maskini, akasema, "Hayo ni ya daktari, mama." Daktari ameshaingia ndani.

Nilitaka kuishia hapo kwa kusema msiende. Siwezi kusema hivyo nikamsahau muuguzi wao. Yule kaka alinifuata mpaka mlangoni akanieleza yote ambayo karatasi yao haikuandika: usipenge kamasi wiki mbili au tatu, chafya ipige mdomo wazi, usinywe kwa mrija, ugoro na sigara mwiko, ndege uiahirishe. Damu kidogo puani siku za mwanzo isikutishe, ila ukiona punje zinatoka puani au usaha wenye harufu, rudi siku hiyo hiyo. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku chache, yakizidi pua huziba vibaya kuliko mwanzo. Mtu kama huyo ndiye anayepaswa kuisimamia kliniki ile.

Sasa mfupa unasubiriwa ukomae, miezi 6 hivi au zaidi, ndipo kipandikizi kiingie. Picha ya karibuni inaonyesha umetulia vizuri, na nasema hivi nikiwa bado nimekasirika. Kipandikizi sijaamua kama nitakiweka kwao. Nikienda kwingine, daktari mpya ataniuliza kilichowekwa ni kitu gani, na sina cha kumjibu, wao ndio wanaojua.

Upasuaji nyota tano, muuguzi nyota tano. Kliniki nzima naipa mbili. Wakinipa lebo na jibu la swali langu nitaongeza ya tatu. Ya nne hawaipati kwangu mpaka daktari aniombe radhi mbele ya watu, kama alivyonijibu mbele ya watu.